Shule ya Kila Siku: Malezi ya Kiongozi wa Kanisa Nje ya Darasa

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia mwanafunzi hufundishwa mambo mengi, na yote ni ya lazima: lugha za Biblia, historia ya Kanisa, mafundisho ya imani, hubiri, liturujia na uchungaji wa roho. Hufanya mitihani, hupewa cheti, hubarikiwa kwa kuwekewa mikono, kisha hupangiwa usharika. Baada ya mwaka mmoja au miwili mkuu wa jimbo huanza kupokea malalamiko ya wazee. Ni nadra sana malalamiko hayo kuhusu fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani. Kwa kawaida yahusu mambo ambayo hayakuwamo katika mtihani wo wote: mchungaji hafiki kwa wakati, mchungaji hasikilizi, mchungaji hushikilia kila kazi mwenyewe, mchungaji humkemea mwinjilisti mbele ya watu. Washarika huanza kupungua ibadani, wazee hugawanyika makundi mawili, na mchungaji mwenyewe huchoka kabla ya kufikisha miaka kumi kazini.

Basi swali letu ni hili: uongozi hujifunzwa wapi? Hivi leo jibu la haraka ni semina. Hatuzidharau semina, kwa maana zina faida yake. Lakini siku tatu za semina haziwezi kumgeuza mtu aliyeyazoea mambo yake kwa miaka thelathini. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba Mungu huwalea viongozi wake hasa kwa njia ya kazi za kila siku, na kwamba kazi hizo huwa shule pale tu kiongozi anapokubali kufundishwa na kusahihishwa. Asipokubali, atapitia mambo mengi bila kujifunza hata moja. Tutaanza na habari za Musa na mkwe wake, tutaangalia urithi wetu wa Kilutheri, kisha tutaingia usharikani tuone shule hiyo ilipo na namna ya kuihudhuria.

1. Musa machungani

Stefano, katika hotuba yake mbele ya baraza, akumbusha kwamba Musa alielimishwa katika hekima yote ya Wamisri (Mdo 7:22). Kwa lugha ya leo twaweza kusema kwamba alikuwa msomi. Alikuwa pia na uchungu wa kweli kwa ajili ya watu wake. Hata hivyo, tendo lake la kwanza la uongozi lilikuwa kuua mtu na kumficha mchangani (Kut. 2:11-12). Siku ya pili yake alipojaribu kuwapatanisha Waebrania wawili, mmoja wao alimwuliza ni nani aliyemfanya kuwa mkuu na mwamuzi juu yao (Kut. 2:14). Swali hilo lilikuwa kali, lakini lilikuwa la haki. Musa alikuwa na elimu na alikuwa na bidii. Ila hakuna aliyekuwa amemwona akichukua dhamana ndogo kwa uaminifu.

Kwa hiyo Mungu alimpeleka katika shule nyingine. Kwa hesabu ya Stefano, ilipita miaka arobaini kabla ya Musa kukiona kijiti kilichowaka moto (Mdo 7:30). Kitabu cha Kutoka chasema kwamba wakati huo alikuwa akichunga kondoo, na tena si wake, bali wa mkwe wake, kuhani wa Midiani (Kut. 3:1). Aliyelelewa katika nyumba ya Farao akawa mchungaji wa mali ya mtu mwingine, huko nyikani, ambako hapakuwa na mtu wa kumsifu.

Kazi hiyo yafundisha nini? Wasomaji wetu waliokulia katika jamii za wafugaji hawahitaji kuambiwa. Mchungaji wa mifugo hujifunza kwamba mwendo wa kundi huamuliwa na walio dhaifu, wala si na wenye nguvu. Yakobo alilijua jambo hilo alipokataa kuongozana na Esau, akisema kwamba yeye atakwenda polepole kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto (Mwa. 33:13-14). Mchungaji hujifunza kuhesabu kila jioni, na kumtafuta mmoja aliyepungua ijapokuwa mwili umechoka. Hujifunza kujua visima viko wapi kabla kiu haijaanza. Na hujifunza kwamba fimbo haimfundishi kondoo kuifahamu sauti. Baadaye Musa alipoliongoza taifa zima katika nyika ile ile, hayo yote yalihitajika. Maandiko yashuhudia kwamba mtu yule aliyeua kwa hasira alikuwa mpole kuliko watu wote (Hes. 12:3). Upole huo hakuzaliwa nao.

2. Mkwe kambini

Hata hivyo miaka ile ya machungani haikumaliza malezi ya Musa. Baada ya kuvuka bahari, na kabla ya kupokea Amri, twamkuta akiwa kiongozi mkubwa mwenye kosa kubwa. Yethro amekuja kumtembelea. Tuangalie jinsi sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka inavyolisimulia jambo hilo kwa utaratibu wa nyumbani kabisa: Musa anatoka kumlaki, anainama, wanabusiana, wanajuliana hali, wanaingia hemani. Musa anasimulia, mzee anafurahi, sadaka inatolewa, watu wanakula pamoja. Hakuna aliyekuja kufundisha uongozi. Ni ziara ya mkwe tu.

Kesho yake Musa aliketi kuwaamua watu, nao wakasimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni (Kut. 18:13). Yethro akatazama. Tungependa msomaji ayaangalie mambo manne.

Kwanza, Yethro aliona kabla ya kusema. Alikaa siku nzima akiangalia kazi ilivyokwenda. Kisha akauliza kwa nini Musa aketi peke yake huku watu wote wakisimama. Alianza na swali, wala hakuanza na hukumu. Musa alipata nafasi ya kujieleza, na maelezo yake yalikuwa ya kidini kabisa: watu humjia ili wamwulize Mungu (Kut. 18:15). Mara nyingi sisi watumishi tuna sababu za kiroho za kuzihifadhi desturi zetu mbaya.

Pili, Yethro aliyataja madhara ya pande zote mbili. Hakusema tu kwamba Musa atachoka, alisema kwamba watu nao watachoka (Kut. 18:18). Jambo hili husahauliwa. Kiongozi anayefanya yote mwenyewe hujiona kuwa anajitoa sadaka kwa ajili ya watu. Kumbe watu wamesimama juani tangu asubuhi, wakingoja mtu mmoja.

Tatu, Yethro hakumwondolea Musa kazi yake halisi. Kumwakilisha Mungu kwa watu na watu kwa Mungu, na kuwafundisha sheria na njia ya kuiendea, kulibaki kwa Musa (Kut. 18:19-20). Mambo madogo yalipewa watu wengine, wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi; na sifa zao hazikuwa ukoo wala mali, bali uwezo, kicho cha Mungu, ukweli, na kuyachukia mapato ya udhalimu. Tena kitabu cha Kumbukumbu la Torati, kinaposimulia jambo hilo, chaongeza kwamba Musa aliwaambia watu wenyewe wachague (Kumb. 1:13).

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, Musa alisikiliza na kutenda (Kut. 18:24). Huyu ndiye aliyesema na Mungu penye kijiti. Kwa fimbo yake bahari ilikuwa imegawanyika. Angeweza kujibu kwamba kuhani wa Midiani hana la kuwafundisha Israeli. Hakujibu hivyo. Sisi wachungaji twapenda kuwaambia vijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika sura hii mwenye kusikia ni mkuu mwenyewe, naye hakuvunjika.

Ni vema kukumbuka pia kwamba huyu Yethro ndiye aliyekuwa mwenye kondoo wale. Alimjua Musa kabla ya ukuu wake. Kiongozi anahitaji kuwa na watu wa namna hiyo karibu naye, watu wasiokitetemekea cheo chake. Anayewaondoa amejifukuza shule.

3. Urithi wetu wa Kilutheri

Mambo haya si mageni katika mapokeo yetu. Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saxony, akahuzunishwa mno na hali aliyoikuta: watu hawakujua imani yao, na wachungaji wengi hawakuweza kuwafundisha. Tunda la huzuni hiyo ni Katekisimo mbili za mwaka 1529. Katika Katekisimo Ndogo hakutunga tu mafundisho ya kukariri. Aliweka pia sala za asubuhi, za jioni na za mezani, na mwongozo wa wajibu kwa kila mtu katika hali yake, mchungaji na msikilizaji, mzazi na mtoto, bwana na mtumishi. Yaani imani iliingizwa katika mzunguko wa siku: kuamka, kula, kufanya kazi, kulala.

Katika dibaji ya Katekisimo Kubwa, Luther awakemea wachungaji waliojiona kuwa wameyamaliza mafundisho hayo kwa kuyasoma mara moja. Aeleza kwamba yeye, ijapokuwa ni daktari wa theolojia na mhubiri, huyasoma na kuyakariri kila siku kama mtoto afundishwaye, na bado hajayamaliza. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake Petro kitabu kidogo cha kumfundisha kusali. Humo profesa alichukua mfano kutoka kazi ya kinyozi: kama vile mwenye wembe apaswavyo kuuangalia wembe na ndevu, asije akamkata mtu, ndivyo asaliye apaswavyo kuwa na moyo uliotulia mahali pamoja. Twaona hapa kwamba mwalimu mkubwa wa Kanisa hakudharau kujifunza kitini pa kinyozi.

Tena katika dibaji ya mwaka 1539, akifuata Zaburi ya 119, Luther alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, tafakari na majaribu. Vyuo vyetu vyaweza kuyapangia saa mawili ya kwanza. La tatu haliwezi kuwekwa kwenye ratiba. Majaribu huja siku yanapotaka: mzee wa kanisa anapokupinga hadharani, mtoto anapougua na mshahara haujafika, mahubiri uliyoyaandaa kwa wiki nzima yanapopokewa kwa ubaridi. Luther hakuyaona mambo hayo kuwa kikwazo cha elimu, bali sehemu yake.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 26, lalalamika kwamba kazi za kawaida, kama vile baba kuwalea watoto au mtawala kutawala, zilikuwa zimehesabiwa kuwa za kidunia na duni kuliko desturi za kitawa. Wana wa matengenezo walikataa. Kama wito wa Mungu uko katika kazi hizo, basi malezi yake pia yamo humo.

Historia ya Kanisa letu hapa Tanzania yathibitisha hivyo. Kutokana na Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), na tena katika Vita vya Pili (1939–1945), wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na sharika nyingi zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Walikuwa wamefundisha watoto kusoma, wameongoza uimbaji, wametembelea wagonjwa na kuwaandaa wabatizwa. Siku ya dhiki ilipofika, kazi hizo ndogo zilionekana kuwa zilikuwa chuo. Makanisa saba yaliyoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania yalirithi kazi ya watu hao.

Vivyo hivyo uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Buhaya uliwazoeza Wakristo kutembea nuruni, yaani kuambiana kweli pasipo kujali cheo. Katika vikundi hivyo mkulima aliweza kumwuliza mchungaji juu ya hasira yake. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 huko Dar es Salaam alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kushika urais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo. Ulikuwa na udhaifu wake, lakini ulikuwa shule ya kusahihishwa.

4. Shule ilipo usharikani

Tuje sasa kwetu. Zipo shule nyingi. Tutataja nne ambazo kila mchungaji anazo.

(a) Nyumba. Paulo auliza: mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake, atalitunzaje Kanisa la Mungu (1 Tim. 3:4-5)? Aya hii mara nyingi imetumiwa kudai kwamba watoto wa mchungaji wawe na nidhamu kuliko wengine. Lakini tuyaangalie maneno ya Kiyunani. Kwa habari ya nyumba, Paulo atumia kitenzi cha kusimamia, kwa habari ya Kanisa abadili, atumia kitenzi cha kutunza, kile kile ambacho Luka akitumia kwa Msamaria aliyemtunza mtu aliyejeruhiwa njiani (Lk. 10:34-35). Basi la kujifunza nyumbani si amri bali ni utunzaji. Nyumbani kiongozi hujifunza kungojea wengine wamalize kusema, kuomba radhi kwa mtoto aliyemwonea, kuchota maji mama mchungaji anapougua, na kutimiza ahadi ndogo. Mtu ambaye mkewe huogopa kumwambia ukweli, itakuwaje wazee wa kanisa wamwambie?

(b) Kikao. Baraza la wazee ni darasa gumu. Mwenyekiti anayetoa maoni yake kwanza amekwisha kufunga mjadala, kwa maana ni wangapi watakaosimama kumpinga mchungaji? Katika mkutano wa Yerusalemu Petro alisema, Barnaba na Paulo wakaeleza, na Yakobo alisema baada ya wao kunyamaza, akiyajumlisha yaliyokwisha kusemwa (Mdo 15:7-21). Mwenyekiti na ajifunze kumwuliza kwa jina yule mama aliyeketi nyuma, ambaye hajasema neno tangu mwaka uanze. Ajifunze kuanza na kufunga kwa saa iliyotajwa, kwa kuwa wazee wetu wana mashamba na wagonjwa. Na muhtasari usomwe na kusahihishwa mbele ya wote, ijapokuwa masahihisho yanamhusu yeye.

(c) Sadaka. Baada ya ibada, katika sharika nyingi, watu hutoka nje kwa mnada wa vitu vilivyotolewa: mayai, mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi. Kuna wachungaji wanaouona mnada kuwa kazi ya wazee, wakajiondokea. Twashauri wakae. Hapo mtu hujifunza nani ametoa kwa umaskini wake, na nani hununua kwa bei kubwa ili kumpa yule maskini heshima. Hapo pia huonekana mazao yamekuwaje mwaka huu, kabla baraza halijapanga ahadi za mwaka ujao. Kisha fedha zihesabiwe na watu wawili au zaidi, ziandikwe kitabuni siku ile ile, na kila aliyehesabu aweke sahihi. Mchungaji asikope katika sadaka, hata kama atarudisha kesho, hata kama ni nauli ya kwenda kuzika. Bwana alisema kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika kubwa pia (Lk. 16:10). Hakusema kwamba uaminifu huanza pale fedha zinapokuwa nyingi.

(d) Kitanda cha mgonjwa. Hapa msomi hujifunza kunyamaza. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno (Ayu. 2:13), na huo ulikuwa utumishi wao bora, walipofungua vinywa wakaharibu. Anayemtembelea mgonjwa kila juma hujifunza kuisoma hali ya mtu usoni, kujua wakati wa kusali na wakati wa kushika mkono tu. Mtu huyo akirudi kwenye kikao chenye ugomvi, atatambua kwamba nyuma ya maneno makali ya mzee fulani kuna msiba wa nyumbani ambao hakuna aliyeuuliza.

5. Mwinjilisti kama mwalimu

Tuongeze shule ya tano, ambayo twaiona kuwa kipimo cha nyingine zote. Tuchukue mfano wa usharika wenye mitaa mitano na mchungaji mmoja. Akizunguka kwa zamu, kila mtaa utamwona Jumapili moja kati ya tano. Jumapili nne zilizobaki, pamoja na mazishi mengi na mafundisho ya kipaimara, zimo mikononi mwa wainjilisti. Basi usharika huo waongozwa hasa na nani?

Sasa tumfikirie mchungaji kijana aliyetoka chuoni, akaukuta mtaa wenye mwinjilisti aliyehudumu miaka ishirini. Mwinjilisti hajui Kiyunani. Anajua, hata hivyo, kwamba familia mbili zinazokaa mabenchi ya mbele zina kesi ya mpaka wa shamba. Anajua kwa nini kwaya ya vijana ilivunjika. Anajua ni mjane yupi hafiki ibadani kwa kukosa nguo. Mchungaji aweza kufanya moja ya mambo mawili. Aweza kushika funguo zote, la kabati la vyombo vya Ushirika na la daftari la ubatizo, akaamuru kila shauri lingoje zamu yake. Ndipo watu watasimama tangu asubuhi hata jioni. Au aweza kumwuliza mwinjilisti: "Mzee wangu, mimi ni mgeni hapa. Nianzie wapi?" Kuuliza si ujinga.

Kitabu cha Matendo kina habari iliyo karibu sana na hii. Apolo alikuwa mtu wa elimu, hodari katika Maandiko, na moto rohoni. Hata hivyo alikuwa na upungufu katika mafundisho. Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walimsikia akihubiri. Hawakumkatiza katika sinagogi, bali walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Mdo 18:24-26). Kama Apolo angekataa kufundishwa na mafundi, na mmoja wao mwanamke, Korintho wasingalimpata mtumishi aliyewafaa sana (Mdo 18:27-28). Kwa upande wao, Prisila na Akila watufundisha namna ya kusahihisha: kwa faragha, kwa ukarimu, na kwa lengo la kumjenga mtu.

6. Namna ya kuihudhuria shule hiyo

Kupitia jambo si kujifunza. Punda aliyepita njia moja miaka kumi hajawa msafiri. Twapendekeza taratibu tatu ambazo hazihitaji bajeti.

Kwanza, robo saa ya jioni. Pamoja na sala ya jioni ya Katekisimo, kiongozi ajiulize maswali matatu na kuyaandika majibu katika daftari: Leo nilimsikiliza nani hadi mwisho? Leo nilifanya nini ambacho mwingine angeweza kukifanya? Leo nani aliondoka kwangu akiwa ameumia? Mwisho wa mwezi asome tena alichoandika. Akikuta jina moja limerudi mara nne, ajue anapopaswa kwenda kesho.

Pili, mtu mmoja wa kumwambia kweli. Awe mchungaji mwenzake wa usharika wa jirani, au mzee mwenye busara asiyehitaji kitu kwake. Wakutane mara moja kwa mwezi. Asichaguliwe msifu.

Tatu, kukabidhi kazi moja kila robo mwaka. Kazi hiyo ikabidhiwe kwa jina, mbele ya baraza, pamoja na mamlaka yake, kisha mchungaji aache kuigusa. Ikifanyika tofauti na alivyozoea, asiinyang'anye. Hapo ndipo atakapojua kama alikabidhi kweli au alituma tu.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Mwanafunzi anaporudi kutoka mafunzo kwa vitendo, tusiulize tu alihubiri mara ngapi. Tuulize alifundishwa nini na wazee, na tuwaulize wazee kama alifundishika. Zamu za kufagia kanisa la chuo na kuosha vyombo zisionekane kuwa mzigo unaopoteza muda wa masomo; mhadhiri akichukua zamu yake, somo litaeleweka haraka zaidi.

7. Tahadhari

Yapo mambo mawili ya kujilinda nayo. La kwanza, tusiligeuze fundisho hili kuwa ngazi ya kupandia mbele za Mungu. Hatukui ili tukubaliwe; tumekubaliwa kwa ajili ya Kristo, kwa hiyo tuko huru kukua. Ni yule tu aliyehesabiwa haki bure awezaye kusikia kosa lake bila kujitetea, kwa sababu nafsi yake haitegemei kutokuwa na kosa. Katekisimo yatufundisha kwamba Ubatizo huendelea kufanya kazi kila siku, utu wa kale ukizamishwa kwa toba na utu mpya ukifufuka. Musa mwenyewe, aliyekuwa mpole kuliko wote, alishindwa na hasira huko Meriba katika siku za mwisho za safari (Hes. 20:10-12). Shule hii haina mahafali.

La pili, tusilitumie kudharau masomo. Apolo hakuambiwa aache Maandiko. Alielezwa kwa usahihi zaidi. Mchungaji asiyesoma atawachosha watu upesi kuliko yule asiyejua kuendesha kikao. Darasa na maisha si wapinzani. Darasa hutupa maneno ya kuyafahamia maisha, nayo maisha hutupa maswali ya kurudia vitabuni.

Hitimisho

Tumeona kwamba Mungu alimlea Musa kwa kondoo wa mtu mwingine na kwa macho ya mkwe; kwamba Luther alikariri kama mtoto na kujifunza kwa kinyozi; kwamba Kanisa letu lilishikwa na watu walioandaliwa kwa kazi ndogo. Katika yote hayo kipaji hakikukosekana, wala elimu haikudharauliwa. Kilichowatofautisha viongozi hawa ni sikio.

Bwana wetu mwenyewe alikaa Nazareti karibu miaka thelathini, akiwatii wazazi wake na kuendelea katika hekima (Lk. 2:51-52, 3:23). Ikiwa Mwana hakuiona miaka hiyo kuwa imepotea, nasi tusiyaone majuma yetu ya kawaida kuwa utangulizi wa kazi fulani kubwa itakayokuja. Juma hili, katika kila usharika wetu, kuna mtu aliyesimama tangu asubuhi akimngoja mchungaji. Na karibu naye, yamkini, kuna mzee anayeliona jambo hilo na hajaulizwa. Tuanze kwa kumwuliza.